Nzi wa Ndizi na Damu ya Musoma

 

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Wiki hii nakuomba tumtazame mdudu anayedharauliwa kuliko wote majumbani mwetu. Hang'ati, hafyonzi damu, wala hatajwi katika mambo makubwa ya dunia. Namzungumzia yule nzi mdogo mwenye macho mekundu, mdogo kuliko punje ya mtama, anayezagaa juu ya mkungu wa ndizi zilizoiva kupita kiasi. Nenda Nkende, Tarime, au vuka uende Mugumu, Serengeti, ufunue kapu la ndizi lililosahauliwa siku tatu jikoni. Utamkuta. Usimchanganye na yule nzi mkubwa zaidi anayetoboa embe na kuacha funza ndani yake. Yule ni adui wa mkulima. Huyu wetu ni mgeni wa tunda lililokwisha kuchacha, basi.

Sasa nikuulize. Nzi huyo ana uhusiano gani na mtoto anayelia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa, macho yamekuwa ya manjano, na mama hajui ampe nini? Jibu lake ni historia ya zaidi ya miaka mia moja, na sehemu moja kubwa ya historia hiyo imeandikwa kwa damu ya watu wa Mara.

Tuanze na mwaka 1910. Mwaka huo yalitokea mambo mawili Marekani, katika miji miwili tofauti, na waliohusika na jambo moja hawakuwa na habari ya jambo la pili.

La kwanza lilitokea New York, katika Chuo Kikuu cha Columbia. Mwalimu mmoja, Thomas Hunt Morgan, alikuwa akifuga nzi hawa wa matunda ndani ya chupa za maziwa, akiwalisha ndizi. Kwa nini nzi? Kwa sababu gharama yake ni ndogo. Katika muda wa siku kumi hivi yai linakuwa nzi kamili, na jike mmoja hutaga mayai kwa mamia. Anayetaka kuona mambo ya vizazi kumi vya ng'ombe atazeeka kabla hajamaliza, lakini vizazi kumi vya nzi ataviona katika miezi michache. Mwaka 1910 Morgan alimwona dume mmoja mwenye macho meupe katikati ya ndugu zake wenye macho mekundu. Alimfuatilia huyo na wajukuu zake, akaonyesha kwamba tabia tunazorithi zimebebwa na vitu halisi vilivyopangwa kwenye nyuzi ndani ya seli za mwili. Vitu hivyo tunaviita jeni, na nyuzi hizo ni kromosomu. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1933.

Na hapa lazima tuseme jambo ambalo wengi hawalijui. Nzi yule wa New York asili yake ni Afrika. Wanasayansi waliochunguza nasaba yake wanakubaliana kwamba alitoka kusini mwa Jangwa la Sahara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulimkuta akiishi porini huko Zimbabwe, akifuata matunda ya mti ule ambao sisi huku tunauita mng'ongo. Kutoka huko alimfuata binadamu, nyumba kwa nyumba na bandari kwa bandari, hadi akafika chupani kwa Morgan. Kwa hiyo hata katika maabara za Ulaya na Marekani, nzi huyu ni mtoto wa Afrika aliye ughaibuni.

Jambo la pili la mwaka 1910 lilitokea Chicago. Daktari James Herrick aliandika habari za kijana mmoja kutoka kisiwa cha Grenada, Walter Clement Noel, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Kijana huyo alikuwa na upungufu wa damu na maumivu yasiyoisha. Damu yake ilipotazamwa kwa darubini, seli nyekundu nyingi hazikuwa mviringo kama zinavyotakiwa. Zilikuwa zimejipinda kama mwezi mwandamo, au kama mundu wa kukatia majani. Ndiyo maana leo ugonjwa huo tunauita selimundu, yaani seli zenye umbo la mundu. Wengine huuita sikoseli.

Ndugu msikilizaji, ugonjwa wenyewe haukuzaliwa Chicago. Ulikuwapo Afrika vizazi na vizazi kabla daktari yeyote hajauandika. Katika sehemu nyingi mtoto aliyeugua hivyo alisemwa kuwa amerogwa, au mama yake alinyoshewa kidole. Familia ilizika mtoto, ikazika wa pili, na hakuna aliyeweza kuieleza sababu.

Sasa tusogee hadi mwaka 1949. Kijana Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Gilgil, Kenya, alikuwa mwanafunzi wa udaktari Oxford. Mwaka huo alirudi Afrika Mashariki katika msafara wa chuo chake kwenda Mlima Kenya, na kazi yake ilikuwa kupima damu za makabila mbalimbali. Akaona jambo la ajabu. Watu wa pwani na watu wa kando ya Ziwa Viktoria, wengi wao, zaidi ya mmoja kati ya watano, walibeba jeni ya selimundu. Watu wa nyanda za juu zenye baridi karibu hawakuwa nayo kabisa. Allison akajiuliza: pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakuna? Jibu lake lilikuwa malaria.

Mwaka 1954 alichapisha ushahidi. Hapa inafaa tuelewe vizuri, maana ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Kila mmoja wetu hurithi jeni mbili za himoglobini, kile kitu kinachoipa damu wekundu wake na kubeba hewa ya oksijeni. Moja hutoka kwa baba na moja kwa mama. Aliyerithi jeni moja nzuri na moja ya selimundu haugui, na malaria kali haimwangushi kwa urahisi. Huyo tunasema ana tabia ya selimundu. Lakini aliyerithi jeni za selimundu pande zote mbili, huyo ndiye mgonjwa. Wazazi wawili wenye tabia hiyo, wazima kabisa wa afya, kila wanapopata mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Si uchawi wala si kosa la mama. Baba na mama wamechangia sawasawa.

Ushahidi huo haukupatikana bila gharama, na haki inatutaka tuitaje. Allison aliwachukua wanaume 30 Waluo waliojitolea, 15 wenye tabia ya selimundu na 15 wasiokuwa nayo, akawaambukiza malaria kwa makusudi ili aone nani ataugua, kisha wakatibiwa. Kati ya wale 15 wasio na tabia hiyo, 14 walishikwa na malaria. Kati ya wale 15 wenye nayo ni 2 tu. Leo kamati yoyote ya maadili ya utafiti ingekuwa na maswali mazito juu ya jaribio kama hilo katika nchi iliyotawaliwa. Lakini vitabu vya dunia nzima vinalisimulia, na mashujaa wake 30 hawatajwi majina.

Kisha Allison akaja upande wetu. Mwaka 1956 alitoa matokeo ya vipimo vya damu kutoka wilaya ya Musoma, ng'ambo ya Mto Mara ukitokea Tarime. Alipima watoto wachanga na akapima watu wazima. Chukua kalamu, ndugu msikilizaji, maana tarakimu hizi ni za nyumbani.

Watoto wachanga walikuwa 287. Wasio na jeni ya selimundu kabisa walikuwa 189. Wenye jeni moja walikuwa 89. Wagonjwa, wenye jeni mbili, walikuwa 9. Watu wazima walikuwa 654. Wasio na jeni hiyo walikuwa 400. Wenye jeni moja walikuwa 249. Wagonjwa walikuwa 5 tu.

Narudia. Katika watoto 287 wagonjwa walikuwa 9, na katika watu wazima 654 wagonjwa walikuwa 5. Tufanye hesabu ya shule ya msingi. Kama wagonjwa wangekua na kufika utu uzima kama watoto wengine, katika watu wazima 654 tungetarajia kuwakuta wagonjwa 20 hivi. Wale wengine 15 wako wapi? Hesabu hii ni ya makadirio, maana watoto na watu wazima waliopimwa si watu wale wale. Lakini jibu lake halina utata: walikwisha kuzikwa. Kwa upande mwingine, wenye jeni moja waliongezeka kutoka 31 katika kila watoto mia hadi 38 katika kila watu wazima mia, kwa sababu malaria iliwachagua wenzao na kuwaacha wao.

Tarakimu hizo za Musoma zimo katika vitabu vya elimu ya urithi vinavyosomwa katika vyuo vikuu vya dunia. Ni moja ya mifano ya wazi kabisa ya namna maumbile yanavyochagua nani aishi na nani afe. Mwanafunzi wa London au Tokyo anazikariri kwa mtihani. Sijui ni wanafunzi wangapi wa sekondari za Tarime wamewahi kuambiwa kwamba mfano huo ni wa kwao.

Katika miaka hiyo hiyo wataalamu wengine waliingia ndani ya himoglobini yenyewe. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa ni tofauti na ya wazima. Mwaka 1956 na 1957 Vernon Ingram, huko Cambridge, akaonyesha tofauti hiyo ni ndogo kiasi gani: katika mnyororo mrefu wa protini, pete moja tu imebadilishwa na nyingine. Kosa la herufi moja katika amri nzima ndilo linalopinda seli.

Lakini kulijua kosa si kulitibu. Jeni yenye kosa imo katika kila seli ya mgonjwa. Utaifuata wapi? Njia ilipitia kwenye swali jingine, na swali hilo ndilo linalotrudisha kwa nzi wetu.

Swali ni hili. Seli zote za mwili zina jeni zile zile. Seli ya moyo ina amri za kutengeneza damu, na seli ya damu ina amri za kutengeneza moyo. Kwa nini basi moyo hauwi damu, na damu haiwi moyo? Ni lazima ziwepo jeni nyingine ambazo kazi yake si kubeba zege wala kupiga ripu, bali kusimamia. Jeni za namna hii ni kama nyapara kwenye kazi ya ujenzi. Nyapara hashiki tofali, lakini bila yeye hakuna anayejua ukuta uanzie wapi. Yeye ndiye anayesema: wewe anza, wewe simama, wewe ngoja kwanza.

Manyapara hao walipatikana kwa wingi katika nzi wa matunda. Mwaka 1980 Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, wakifanya kazi Heidelberg, Ujerumani, walitoa orodha ya jeni zinazopanga mwili wa nzi angali ndani ya yai. Tuzo ya Nobel iliwafikia mwaka 1995, pamoja na Edward Lewis. Tangu hapo ilikuwa kazi ya kutafuta: nani anasimamia jicho, nani mguu, nani moyo.

Ndiyo, nzi ana moyo. Ni mrija mwembamba uliolala mgongoni mwake, unapwita na kusukuma maji ya mwili. Mwaka 1989 maabara ya Marshall Nirenberg, Marekani, ilipata jeni kadhaa za usimamizi katika nzi. Mwaka 1993 ikathibitika kwamba moja ya hizo ndiyo msimamizi wa moyo, maana kiinitete cha nzi kilichoikosa hakikuota moyo kabisa. Wakaipa jina la Tinman, mtu wa bati asiye na moyo katika hadithi moja mashuhuri ya watoto wa Marekani. Nyapara hayupo, na moyo haupo.

Mtu angeweza kusema, hayo ni ya nzi, yatuhusu nini? Mwaka 1998 likaja jibu. Watafiti waliochunguza koo ambazo watoto wake huzaliwa na tundu moyoni walikuta kosa katika jeni ya binadamu ambayo ni ndugu wa Tinman. Nzi na binadamu waliachana njia mamilioni mengi ya miaka iliyopita, lakini nyapara wa moyo ni wa ukoo mmoja. Leo mtoto wa Mara aliyezaliwa na tundu moyoni anaweza kupelekwa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akatibiwa. Moja ya sababu za tundu hilo ilijulikana kwa kupitia nzi wa ndizi.

Tinman hafanyi kazi peke yake. Ana wenzake wa ukoo unaoitwa GATA. Jina hilo halina fumbo. Ni herufi nne za lugha ya urithi, G, A, T na A, na nyapara wa ukoo huu hushika mahali zilipoandikwa herufi hizo ndipo atoe amri. Haki itendeke hapa: wa kwanza wa ukoo huu, GATA1, hakupatikana katika nzi. Alipatikana mwishoni mwa miaka ya 1980 na watu waliokuwa wakichunguza jeni za himoglobini za kuku na za binadamu. Lakini nzi ndiye aliyesaidia kuonyesha jinsi ukoo huo unavyogawana kazi.

Katika nzi, GATA mmoja aitwaye Pannier anasimamia moyo pamoja na Tinman. GATA mwingine, Serpent, anasimamia damu. Na wote wana mwenzao aitwaye U-shaped, ambaye hushikana nao na kuwazuia wasizidishe, kama mhasibu anayemshika mkono mwenye matumizi makubwa. Mwaka 1999 watafiti Marekani walichukua GATA4 wa panya, ambaye kazi yake ni moyo, wakamwingiza katika kiinitete cha nzi. Akaamrisha kwa lugha ya panya, na seli za nzi zikaelewa na kuanza kuwa seli za moyo. Mwaka 2003 wengine wakakuta kwamba GATA4 akiharibika katika binadamu, mtoto huzaliwa na kasoro ya moyo.

Damu ya nzi haina wekundu wa himoglobini kama yetu. Hewa yake hupita katika mirija mingine. Seli zake za damu ni askari na mafundi: nyingi hula vijidudu, nyingine huziba majeraha, nyingine huyazingira mayai ya nyigu anayetaka kumfanya nzi nyumba ya watoto wake. Lakini utoto wa damu hiyo uko ubavuni mwa mrija wa moyo. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba katika nzi seli za moyo na seli za damu zinaweza kutoka kwa mama mmoja, na kwamba mpango huo unafanana na wa wanyama wenye uti wa mgongo, binadamu akiwemo. Moyo na damu ni mapacha, na manyapara wao ni jamaa.

Sasa, ndugu msikilizaji, tuifunge kamba yetu. Mwaka 1948 daktari Janet Watson wa New York aliona kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaugui katika miezi ya mwanzo. Akasema hiyo ni kwa sababu mtoto anapokuwa tumboni, na kwa muda baada ya kuzaliwa, hutumia himoglobini ya utotoni, ambayo haina lile kosa. Baadaye mwili huizima hiyo na kuwasha ya utu uzima. Hapo ndipo ugonjwa unapoanza. Swali likawa: nani anaizima? Mwaka 2008 alipatikana mzimaji, jeni ya usimamizi iitwayo BCL11A. Na mwaka 2013 ikajulikana ni nani anayemwamsha mzimaji huyo katika seli zinazokuwa damu nyekundu. Naye ni GATA1, yule yule wa ukoo wa Serpent na Pannier, akishika herufi zake mahali pamoja maalumu.

Tiba ya kwanza duniani ya kuhariri jeni, iliyoidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi Desemba mwaka huo, inafanya jambo moja tu. Seli mama za damu hutolewa kwa mgonjwa, hukatwa pale GATA1 anaposhika, kisha hurudishwa mwilini. Nyapara akifika hapati pa kusimamia. Mzimaji halali wala haamki, yupo tu hana nguvu, na himoglobini ya utotoni hurudi kazini. Lile kosa la herufi moja halikuguswa. Limepitwa kando.

Ni ushindi mkubwa. Lakini bei yake iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Hizo ni mabilioni ya shilingi. Kwa mzazi wa Nkende anayeuza mkungu wa ndizi sokoni ili alipe nauli ya kumpeleka mtoto hospitali, tiba hiyo ni kama mwezi: anauona, haufikii.

Je, ndipo tukate tamaa? Hasha. Elimu ile ile iliyozaa tiba ya mabilioni imezaa pia tiba za bei nafuu. Ipo dawa ya vidonge iitwayo hydroxyurea, ambayo huiamsha himoglobini ya utotoni kwa njia nyingine. Mwaka 1995 ilithibitika kuwapunguzia watu wazima wa Marekani vipindi vya maumivu. Kisha utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Kongo na Angola, matokeo yake yakatolewa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto wa Afrika waliotumia dawa hiyo walipata maumivu machache, waliongezwa damu mara chache, na hata malaria na vifo vilipungua. Dawa hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Ipo penisilini ya kumkinga mtoto mdogo asiuawe na maambukizo. Zipo chanjo. Kipo chandarua, maana aliye na jeni mbili za selimundu hana kinga ya yule mwenye moja. Malaria ikimpata humwangusha vibaya. Na kabla ya vyote hivyo kuna kumchoma mtoto mchanga kisiginoni, kupata tone la damu, na kujua mapema.

Hapa nchini hatukulala. Muhimbili imekuwa na mpango wa selimundu tangu mwaka 2004, ukiongozwa na Profesa Julie Makani, na umefuatilia maelfu ya wagonjwa. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye ugonjwa huu. Kwa upande wetu wa Ziwa, wataalamu wa Bugando, Mwanza, na wenzao walipima matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, ya watoto zaidi ya 17,000 wa kaskazini-magharibi mwa nchi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yanasema karibu mtoto mmoja kati ya watano ana tabia ya selimundu, na zaidi kidogo ya mmoja katika kila mia ni mgonjwa. Ni miaka mingi tangu Allison apime Musoma, na jeni hiyo bado iko nasi. Haikuondoka. Kinachoweza kubadilika ni idadi ya makaburi.

Na nzi naye amerudi nyumbani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 wanasayansi wa Afrika na Ulaya wamekuwa wakiendesha mafunzo Ishaka, Uganda, katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, kuwafundisha vijana wa Afrika kufanya utafiti kwa kutumia nzi wa matunda. Sababu ni ile ile ya Morgan: gharama ndogo. Anahitaji chupa, chakula cha unga na sukari, darubini, na akili iliyofunguka. Shule ya sekondari ya Tarime inaweza kufuga nzi na kuona urithi kwa macho, badala ya kuukariri ubaoni.

Ninalotaka tuondoke nalo leo ni hili. Elimu ya moyo na damu inayosifiwa duniani imejengwa kwa michango mingi, na miwili katika hiyo ni yetu: nzi aliyetoka Afrika, na damu ya watu wa Musoma, ya Waluo 30, na ya wengine ambao hawakuulizwa majina. Mkopaji mwema hurudisha. Dunia inadaiwa, na tuna haki ya kudai dawa hizi zitufikie kwa bei tunayoiweza. Lakini na sisi tunadaiwa. Tunadaiwa na wale watoto 15 wa hesabu yetu. Kila mtoto anayezaliwa leo Nyamongo, Sirari, Nkende au Mugumu bila kupimwa ni deni ambalo halihitaji dola milioni mbili kulilipa. Linahitaji kisigino kimoja, karatasi moja, na kituo cha afya chenye mtu anayejua afanye nini majibu yakirudi.

Kwa hiyo mama au baba, mtoto wako akiumwa viungo mara kwa mara, vidole vikivimba, macho yakawa ya manjano, usimtafute mchawi. Mpeleke apimwe selimundu. Nanyi mnaotarajia kuoana, pimeni muijue damu yenu, si ili mkatazane, bali ili mtoto akija akute mmekwisha jiandaa.

Na ukiwaona wale nzi wadogo juu ya ndizi, wafukuze ukipenda, maana chakula ni chakula. Lakini usiwadharau.

Ndugu msikilizaji, hadi wiki ijayo, panapo majaliwa.